Uzee wa Mbwa Aliyemaliza Kazi

Katika mji wa Babati, ulioketi baina ya ziwa lenye jina lake na mlima Kwaraa, kando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma, ni nadra kupita mtaani usimwone mbwa, na ni nadra zaidi kumwona mbwa asiye na kazi. Yuko alindaye ghala la mahindi na mbaazi, yuko aandamanaye na ng'ombe na mbuzi waendao malishoni pande za Singe na Bonga, na yuko akeshaye mlangoni mwa duka au gereji tangu magharibi hata alfajiri. Watu humjua kwa kazi yake kabla ya kumjua kwa jina lake, na maadamu kazi yaendelea, chakula chake, ingawa ni haba, hakikosekani. Walakini ifikapo siku ambayo masikio yake yamekuwa mazito, na miguu yake ya nyuma yatetemeka ainukapo, na mwizi aweza kupita bila ya yeye kubweka, wenye nyumba huulizana swali moja tu, nani atakayeshika zamu yake. Ama swali la pili, yeye mwenyewe atakwenda wapi, halina mwulizaji.

Makala haya yanahusu swali hilo la pili. Nataka kueleza namna ya kumpokea na kumtunza nyumbani mbwa aliyemaliza utumishi wake, awe amekulia mikononi mwako au umemtwaa kwa mtu mwingine aliyemchoka. Na kwa kuwa waliokusanya elimu nyingi ya jambo hili ni watu waliowapokea mbwa wa mbio waitwao greihaundi, nitaanzia huko mbali, kisha nirudi Babati nikiwa nimechagua lile litufaalo.

Greihaundi ni mbwa mrefu wa miguu, mwenye kifua kikubwa na kiuno chembamba kama cha nyigu. Huwinda kwa macho wala si kwa pua, na akifyatuka hufikia mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya walimtumia kukimbiza sungura mashambani, mpaka Mmarekani mmoja, Owen Patrick Smith, alipobuni sungura wa bandia aendeshwaye kwa mtambo, na mwaka 1919 akafungua kiwanja cha mbio huko Emeryville, katika jimbo la California. Uingereza ikaiga, kiwanja cha Belle Vue mjini Manchester kikafunguliwa Julai 1926, na kwa muda wa miaka michache tu mbio za mbwa zikawa tafrija na kamari ya umati wa wafanyakazi wa mijini. Mbwa mmoja mzaliwa wa Ireland, Mick the Miller, aliyeshinda mashindano makuu ya Derby miaka miwili mfululizo, 1929 na 1930, alisifiwa kama wasifiwavyo leo wacheza mpira, na alipokufa ngozi yake ilikaushwa ikawekwa katika jumba la makumbusho la Tring.

Hata Afrika ya Mashariki ilitiwa katika mchezo huo. Mwaka 1937 Mwingereza aitwaye Kenneth Gandar-Dower, aliyekuwa amewasafirisha duma kutoka Kenya, aliwashindanisha na greihaundi katika kiwanja cha Romford, karibu na London, mbele ya watazamaji waliofurika. Duma, ambaye kwa mbio hana mshindani katika wanyama wa nchi kavu, hakuwa na hamu ya kushindana na mtu wala mnyama, na jaribio lile halikudumu. Greihaundi aliendelea kukimbia kila alipofunguliwa mlango, kwa kuwa aliumbwa na kufunzwa hivyo. Na nionavyo mimi utiifu huo ndio uliomletea msiba wake.

Kwa maana mbwa wa mbio hukimbia miaka miwili au mitatu, na aghalabu kabla hajatimiza miaka mitano mwenyewe huona kuwa hamletei tena faida, ilhali umri wake waweza kufika miaka 12 na kuzidi. Maelfu kwa maelfu ya mbwa wenye siha njema waliuawa kwa sababu hiyo moja tu, kwamba walikuwa wamepunguza mbio. Ndipo katika miaka ya 1970 na 1980 watu wenye huruma huko Uingereza na Marekani walipoanza kuunda vyama vya kuwatafutia maskani katika nyumba za watu wa kawaida, na kazi hiyo ya hisani ikakua hata ikageuza fikira za mataifa. Wananchi wa jimbo la Florida walipiga kura Novemba 2018 ya kukomesha mbio za mbwa, nazo zikakoma mwishoni mwa mwaka 2020. Macau ilifunga kiwanja chake Julai 2018, na mbwa zaidi ya 500 walioachwa humo wakatafutiwa wenyeji wapya katika nchi mbalimbali. New Zealand nayo ilitangaza Desemba 2024 kuwa itazikomesha.

Waliowapokea mbwa hao waligundua jambo ambalo hawakulitazamia, nalo ni kwamba mnyama aliyezaliwa na kulelewa katika vibanda vya mbio hajui nyumba ni kitu gani. Hajapanda ngazi abadan. Sakafu ya vigae humtelezesha na kumtia hofu, akasimama katikati ya chumba asithubutu kuinua mguu. Kioo cha dirisha hakitambui, akakigonga kwa pua. Hajapata kulala peke yake, kwa kuwa vibandani alizungukwa na wenziwe usiku na mchana, na usiku wa kwanza katika nyumba yenye kimya aweza kulia hata kukicha. Akishtuliwa usingizini huenda akauma kabla hajafahamu amwumaye ni nani, ndiyo maana watoto wa nyumba hufundishwa kumwita kwa jina wakiwa mbali, wala wasimguse angali amelala. Akimwona paka au kuku akikimbia, tabia ya kuwinda huamka ndani yake, na kumwita hakufai kitu, madhali kabla sauti haijamfikia yeye amekwisha kufika mbali. Kwa hivyo hafunguliwi kamba mahali pasipo na uzio. Na kwa kuwa kichwa chake ni chembamba kuliko shingo, mkanda wa kawaida wa shingoni huvuka masikio na kumwacha huru barabarani, hivyo hutengenezewa mkanda mpana ujikazao kidogo pindi avutapo.

Lakini lililowashangaza wengi zaidi ni upole na uvivu wake. Mbwa huyu, aliyedhaniwa kuwa atahitaji kukimbizwa kutwa, hulala sehemu kubwa ya mchana, akaridhika na matembezi mafupi asubuhi na jioni. Mwili wake hauna mafuta ya kutosha, ngozi yake ni nyembamba na manyoya yake ni mafupi, basi baridi humwingia upesi, miiba humchana kwa urahisi, na akilala juu ya saruji viwiko na nyonga huota sugu na vidonda. Meno yake mara nyingi yameoza mapema. Fauka ya hayo, damu yake ina chembe nyekundu nyingi kuliko ya mbwa wengine, na dawa za usingizi za jamii ya thiopentali hukawia kutoka mwilini mwake, kiasi kwamba tabibu asiyejua habari hiyo aweza kumdhuru kwa nia njema kabisa.

Babati haina kiwanja cha mbio za mbwa, wala msomaji wa makala haya hatazamii kuletewa greihaundi mlangoni. Hata hivyo nimesimulia habari zake kwa urefu kwa sababu zimethibitisha jambo moja lisilo na mpaka wa nchi wala wa ukoo wa mbwa: mnyama aliyeishi kwa amri ya kazi, akiondolewa kazi hiyo, hapungukiwi na shughuli tu, bali hupungukiwa na dunia yote aliyoifahamu, na anayempokea ana wajibu wa kumjengea dunia nyingine kidogo kidogo, kwa subira.

Hapa Tanzania tuna mifano yetu wenyewe. Jeshi la Polisi lina kikosi cha mbwa na farasi, na mbwa wake huzeeka kama askari wazeekavyo. Huko Usa River, mkoani Arusha, shirika la African Wildlife Foundation lilianza mwaka 2014 mpango wa kuwafunza mbwa wa kunusa pembe za ndovu na nyara nyingine katika viwanja vya ndege na bandari, na kila mbwa wa namna hiyo, baada ya miaka kadhaa ya kunusa mizigo, hufikia siku ambayo pua yake bado yataka lakini miguu yake imechoka. Tena yuko Magawa, ambaye hakuwa mbwa bali panya buku aliyezaliwa Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ambako shirika la APOPO hufunza panya kunusa mabomu ya ardhini. Alifanya kazi Kambodia kwa miaka mitano, akagundua zaidi ya mabomu 100 na vilipuzi vingine, akatunukiwa nishani ya dhahabu na chama cha Waingereza cha PDSA mwezi Septemba 2020, akastaafu Juni 2021, na akafa kwa amani Januari 2022. Magazeti ya dunia nzima yaliandika habari za kustaafu kwake. Ikiwa panya wa Morogoro amepata mapumziko yenye heshima, sioni hoja ya kumnyima mbwa wa Babati aliyelinda zizi kwa miaka kumi.

Najua kuwa katika mji wetu, wenye Wairaqw na Wagorowa, Wabarbaig na Wambugwe, Warangi na wageni wa kila pembe, Wakristo kwa Waislamu, neno la kumweka mbwa nyumbani halipokewi na wote kwa namna moja. Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi katika nchi yetu, huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hukumu hiyo ni ya tohara, wala si ruhusa ya kumtesa. Qurani Tukufu imehalalisha windo la mbwa aliyefunzwa, imemtaja mbwa wa Watu wa Pangoni akiwa amenyosha miguu yake ya mbele kizingitini, na katika hadithi mashuhuri mtu aliyeteremka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake alisamehewa dhambi zake kwa tendo hilo. Waarabu wa Ghuba, ambako Waswahili wengi wana jamaa zao, wamewafuga saluki, nduguye greihaundi, kwa taadhima tangu zama za kale, na mpaka leo wanawashindanisha katika nchi za Falme za Kiarabu. Basi kwa nyumba ya Kiislamu njia iko wazi: mbwa mzee apewe banda lake uani, lenye paa na sakafu iliyoinuliwa, apewe chungu chake cha maji na sufuria yake ya chakula visivyochanganywa na vyombo vya nyumba, na mahali pa kuswalia paepushwe naye. Amekaa nyumbani na tohara imehifadhika.

Sasa nije kwenye utunzaji wenyewe, na nianze na siku za mwanzo, kwa sababu hizo ndizo ziharibikazo zaidi.

Mbwa aliyetoka kwa mwenyewe wa zamani, tuseme mlinzi wa zizi aliyeachwa baada ya ng'ombe kuuzwa, asifunguliwe siku ya kwanza, kwani atarudi alikotoka hata kama ni safari ya kutwa, akavuka barabara kuu yenye malori na mabasi. Afungwe kwa kamba ndefu au awekwe ndani ya uzio kwa majuma kadhaa, alishwe na mtu mmoja kwa saa zile zile kila siku, aitwe kwa jina lake la zamani. Kumbadilisha jina mbwa mzee ni kumwongezea ugeni juu ya ugeni. Ikiwezekana aletwe pamoja na gunia alilolalia, ingawa linanuka, maana harufu hiyo ndiyo kitu pekee anachokifahamu katika maskani mapya. Na kama alikuwa mwindaji, aliyezoea kufuata swala na digidigi kabla wenyewe hawajatambua kuwa kuwinda bila ya kibali ni kosa la jinai, basi kuku na mbuzi wadogo wasiachwe naye pasipo mtu mpaka tabia yake ijulikane.

Babati imeinuka zaidi ya mita 1300 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai upepo uteremkao toka Kwaraa una baridi ambayo kijana haijali lakini mzee huisikia mifupani. Mbwa mzee ana maradhi ya viungo mithili ya yale ya wanadamu. Asubuhi huinuka kwa shida, akanyosha mgongo, akachechemea hatua kadhaa kabla ya kutembea sawasawa. Alazwe juu ya gunia lililojazwa majani makavu au maganda ya mahindi, ambayo katika mji wetu hayana bei wakati wa mavuno, na majani hayo yabadilishwe kila juma ili viroboto wasizaliane humo. Kama ni mwembamba na mwenye manyoya mafupi, ashonewe vazi kwa blanketi kuukuu la kumfunika kifua na mgongo usiku. Atembezwe kwa utaratibu, kwa kuwa mguu usiotumika hukakamaa.

Katika jambo la maumivu nina onyo ambalo naomba msomaji alitie moyoni. Wengi, kwa huruma kabisa, humpa mbwa anayechechemea kidonge walichokuwa nacho kabatini, ama panadol, ama diklofenaki, ama ibuprofeni. Dawa hizo, zimfaazo binadamu, kwa mbwa zaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na ini, na kumwua katika siku chache. Ziko dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na mwenye kuzipima ni daktari wa mifugo, ambaye hukadiria kwa uzito wa mnyama. Vivyo hivyo dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe isimwagwe juu ya mbwa kwa kukisia. Mbwa hujiramba, na sumu iliyokuwa juu ya ngozi huingia tumboni.

Chakula cha mbwa wetu, aghalabu, ni ugali na maji ya kuoshea sufuria. Kijana huishi kwa hayo kwa sababu hujiongezea panya na masazo ya jalalani, lakini mzee asiyeweza kuzurura hukonda uti wa mgongo ukaonekana kama umechongwa. Ugali uchanganywe na dagaa waliochemshwa, au utumbo na mapafu yanunuliwayo kwa bei nafuu buchani, au maharage yaliyoiva sana, na apewe kidogo asubuhi na kidogo jioni badala ya mlo mmoja mkubwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa isiwe kabisa katika chombo chake, maana hupasuka kwa ncha kali zikachoma matumbo. Kitunguu maji na kitunguu saumu humvunjia chembe za damu, kwa hivyo mchuzi wa mezani haumfai, na zabibu na chokoleti, ambazo watoto huzitupa kwa kumpendeza, ni sumu kwake. Maji safi yawepo kutwa. Na mbwa mzee anayeanza kunywa kuliko desturi yake na kukojoa mno apelekwe kwa tabibu, kwa kuwa yamkini figo zake zimeanza kuchoka au ana kisukari.

Jambo lililo kubwa kuliko yote haya ni chanjo, na hapa sitaogopa kurefusha maneno. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na takriban wote wameambukizwa na mbwa. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kuwa hapa Tanzania peke yake vifo hivyo hukaribia 1,500 kwa mwaka. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili zake hakuna dawa ya kuurudisha nyuma, lakini kabla ya hapo hakuna ugonjwa ulio rahisi zaidi kuzuilika: mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, maambukizi hukatika. Mwenye kuumwa na mbwa aoshe jeraha papo hapo kwa maji yatiririkayo na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali bila ya ajizi, asingoje kuona kama mbwa atakufa au atapona. Wako wasemao kuwa mbwa mzee hana haja ya chanjo kwa sababu umri wake umekwisha. Fikira hiyo ni ya hatari, madhali mbwa mzee alalaye uani ndiye akaribiwaye na watoto kuliko mbwa yeyote mwingine.

Iko na chanjo ya pili, ya ugonjwa wa distempa, ambao hapa kwetu una historia ya kusikitisha. Mwaka 1994 ugonjwa huo, uliotokana na mbwa wa vijijini, uliingia Serengeti na kuangamiza karibu theluthi moja ya simba, wapatao 1,000. Babati nayo imepakana na wanyama wa mwituni, Tarangire ikiwa upande mmoja na Ziwa Manyara upande wa pili, na mbwa wa Magugu au Minjingu hunywa maji katika madimbwi yale yale wanywayo fisi na mbweha. Kumchanja mbwa mmoja uani ni kumkinga mtoto wa jirani na simba wa taifa kwa sindano zile zile. Katika pande hizo hizo za mbuga wako mbung'o, ambao huwatia mbwa nagana kama wawatiavyo ng'ombe: mbwa hupata homa, macho yake huingia ukungu, hukonda ilhali anakula. Mwenye mbwa aliyehamishwa toka huko kuja mjini amweleze daktari wa mifugo alikotoka, asije akatibiwa minyoo peke yake huku damu yake ikiendelea kuliwa.

Watu husema asante ya punda ni mateke. Lakini nimeona mateke mengi zaidi yakitoka kwa mwanadamu kumwendea mnyama aliyemtumikia. Mbwa mzee hutolewa kwa gari usiku akaachwa kando ya barabara ya Kondoa au Singida, ambako hajui pa kupata maji. Au huachwa azurure sokoni mpaka siku ya msako, kwa kuwa halmashauri kadhaa nchini zimepata kuamuru mbwa wasio na wenyewe wapigwe risasi. Au hutegewa sumu, ambayo haichagui, ikaua na kunguru na paka na mbwa wa jirani. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze, wala haisemi kuwa wajibu huo hukoma mnyama anapoacha kuleta faida. Kumtelekeza ni kuvunja sheria hiyo na ni kuvunja amana.

Itakuja siku ambayo mbwa hawezi tena kuinuka, hataki chakula hata akilishwa kwa mkono, na usiku hulia kwa maumivu. Kumwacha hivyo kwa majuma si upole, ijapokuwa huitwa upole. Daktari wa mifugo ana dawa ya kumlaza bila ya uchungu, na mwenye nyumba asimame karibu naye, ampe sauti anayoijua. Kisha azikwe kwa kina cha kutosha, mbali na kisima na mbali na mwambao wa ziwa, ili fisi wasimfukue na maji yasichafuke. Kamba ya shingoni, fimbo ya kitanzi na rungu visiwepo katika saa hiyo.

Gharama ya yote niliyoyataja, ukiondoa dawa za tabibu, ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: gunia, majani ya mahindi, dagaa, maji na kipande cha blanketi. Lililo adimu ni nia. Kwa hivyo namwomba kila mwenye uwanja na uzio katika mitaa ya Babati, kabla hajatafuta mtoto wa mbwa wa kumlindia nyumba, aulize kwanza wafugaji na walinzi wa mtaani kwake kama yuko mbwa mzee anayetafutiwa pa kulala. Na mwenye mbwa tayari, awe mzee au kijana, amfunge kamba juma hili ampeleke kwa afisa mifugo wa kata yake akachanjwe, wala asingoje kampeni ya Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba.